Wakala wa Watu Elfu Tatu: Baraza la Wawakilishi la New Hampshire na Swali la Uwakilishi

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya siasa imeyarithisha kizazi baada ya kizazi bila kuyamaliza, limo hili: inawezekanaje mtu asiyekuwepo kikaoni ahesabiwe kuwa alikuwepo, na kwa haki gani uamuzi uliofikiwa bila yeye umfunge kana kwamba ameutoa kwa kinywa chake mwenyewe? Kila bunge duniani limejengwa juu ya dai kwamba jambo hilo linawezekana, na kwamba mwakilishi, yaani mtu aliyechaguliwa na wengine ili aseme na kuamua kwa niaba yao, anaweza kuwabeba wote bila kuwafuta. Dai hilo limejadiliwa sana katika vitabu vya nadharia, ilhali jibu ambalo kila jamii imelitoa kwa vitendo limo katika mambo yanayoonekana makavu: idadi ya viti, namna kamati zinavyoundwa, akidi, na kiasi cha fedha anachopewa mjumbe.

Kati ya mabunge ya majimbo ya Marekani, ni machache yanayoliweka swali hili wazi kama lile la New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini-mashariki ambalo sensa ya mwaka 2020 ililihesabia watu 1,377,529. Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo lina katiba, gavana na bunge lake. Katika majimbo 49 bunge hilo lina mabaraza mawili, la juu ambalo ni Seneti, na la chini ambalo mahali pengi huitwa Baraza la Wawakilishi, nalo ndilo lenye wajumbe wengi zaidi na lililokusudiwa tangu mwanzo kukaa karibu na wananchi. Seneti ya New Hampshire ina wajumbe 24. Baraza lake la chini lina wajumbe 400, wote wakichaguliwa kwa muhula wa miaka miwili, idadi inayopungua 35 tu kuifikia ile ya Baraza la Wawakilishi la taifa zima lililoko Washington. Kwa hesabu ya sensa hiyo, mjumbe mmoja anasimama mahali pa watu wapatao 3,400, wakati ambapo California, yenye watu zaidi ya milioni 39, ina baraza la chini la wajumbe 80, na kila mmoja wao anabeba watu karibu laki tano.

Waasisi wa Marekani walihitilafiana juu ya ukubwa unaofaa. John Adams, katika kijitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu muundo wa serikali, alitaka baraza la wawakilishi liwe sura ndogo ya umma wenyewe, lenye kufikiri na kuhisi kama unavyofikiri na kuhisi umma. James Madison, miaka kumi na miwili baadaye, alionya kwamba mkutano ukizidi ukubwa fulani huacha kuongozwa na akili ukaongozwa na mihemko, hata kama kila aliyeketi humo ni mwenye hekima ya Sokrates. Nyuma yao wote wawili yuko Aristotle, aliyeona kwamba watu wengi wa kawaida wakikaa pamoja wanaweza kuamua vyema kuliko wachache walio bora, kama karamu iliyochangiwa na wengi inavyoishinda ile iliyoandaliwa kwa gharama ya mtu mmoja. New Hampshire imekaa upande wa Adams na Aristotle, na gharama yake haifichiki: katika ukumbi wenye watu 400 haiwezekani kila mmoja aseme, na mjumbe anaweza kumaliza muhula wake bila sauti yake kusikika humo zaidi ya mara chache.

Hata hivyo, wingi huo haukuzaliwa na nadharia. Ulizaliwa na miji. Katika eneo hilo la Marekani mji ni kitengo kamili cha serikali ya mtaa, chenye mkutano wake wa kila mwaka ambamo wakazi wenye haki ya kura hukutana wenyewe kupitisha bajeti, na katiba ya mwaka 1784 ilichukulia kwamba baraza la chini ni mkusanyiko wa miji hiyo. Mji wenye wanaume 150 waliokuwa katika daftari la kodi ulikuwa na haki ya kutuma mjumbe mmoja. Baadaye kipimo kiligeuzwa kikawa wakazi 600, na hapo ndipo ulipoingia utaratibu ambao mwanafalsafa angeweza kuutafakari kwa siku nyingi: mji usiofikia kipimo hicho ulipewa mjumbe kwa sehemu tu ya muda, kwa kadiri ya uwiano wa watu wake na ile 600. Mji wenye watu 300 ungetuma mjumbe kwa nusu ya muda, na katika nusu nyingine kiti chake kisingekuwepo.

Utaratibu huo unauliza jambo zito. Je, watu wa mji ule, katika miaka ambayo hawakuwa na mjumbe, walikuwa wamefungwa na sheria ambazo hakuna aliyezipigia kura kwa niaba yao, au uwepo wao wa miaka mingine ulitosha kuwafunika? Kwa mtazamo wa hesabu walitendewa haki, kwa kuwa kwa wastani kila mtu alikuwa na uzito uleule wa kura. Kwa mtazamo wa mtu anayeishi leo na atakayelipa kodi ya mwaka huu, wastani haumsaidii, kwa sababu sheria haimgusi kwa wastani. Inamgusa mwaka ilipopitishwa. Hapa ndipo inapoonekana kwamba usawa wa tarakimu na uwepo wa kweli ni vitu viwili, na kwamba bunge linaweza kuwa na kimoja likakosa kingine.

Idadi ya wajumbe ilipoelekea kuzidi uwezo wa ukumbi, marekebisho ya katiba ya mwaka 1942 yaliifunga kati ya 375 na 400. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims iliyotoka Alabama, iliamua kwamba mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo lazima yagawanywe kwa idadi ya watu, kwa hoja kwamba wabunge huwakilisha watu na hawawakilishi ardhi wala mashamba. Hoja hiyo ni ya haki, lakini ikifuatwa bila uangalifu huyeyusha jumuiya ndogo ndani ya maeneo ya uchaguzi yaliyochorwa kwa rula. Wapiga kura wa New Hampshire walijaribu kurudisha mizani mwaka 2006, walipopitisha marekebisho yanayotaka mji wenye watu wa kutosha uwe na kiti chake wenyewe, huku ziada ya watu wa miji jirani ikiunganishwa katika eneo la pili linalolalia juu ya yale ya kwanza, hata mkazi mmoja akawa na wajumbe wa namna mbili: wa mji wake, na wa kundi la miji.

Sasa, mjumbe akishapatikana, ni mtu wa aina gani? Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake juu ya mkataba wa jamii cha mwaka 1762, alilikataa jambo lote tangu msingi, akisema kwamba utashi hauwezi kuwakilishwa, na kwamba watu wanaodhani wako huru kwa sababu wana bunge wako huru siku ya uchaguzi tu. Edmund Burke, alipowahutubia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774, alidai kinyume chake: mwakilishi anawadai wananchi imani, na anawalipa kwa hukumu yake mwenyewe, hata inapopingana na maoni yao. Katiba ya New Hampshire haikumfuata yeyote kati ya hawa wawili, kwa kuwa kifungu cha 32 cha sehemu yake ya haki kinawapa watu haki ya kukusanyika kwa amani, kushauriana juu ya manufaa ya wote, na kuwapa wawakilishi wao maagizo, bila kusema kwamba mjumbe asiyeyafuata maagizo hayo kura yake ni batili.

Msomaji aliyepita katika madarasa ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyoenea, ana chombo cha kulifikiria jambo hili ambacho Burke na Rousseau hawakuwa nacho. Katika mlango wa wakala, yaani mkataba ambao mtu humkabidhi mwingine atende kwa niaba yake, wanazuoni waliweka masharti matatu yenye kufaa hapa. La kwanza ni kwamba wakala hufungwa na mipaka aliyowekewa na mwenye jambo. La pili ni kwamba mwenye jambo anaweza kumwondoa wakati wowote. La tatu, ambalo Imam Nawawi analieleza katika Minhaj at-Talibin, ni kwamba wakala hana ruhusa ya kumkabidhi mtu mwingine kazi aliyokabidhiwa yeye ikiwa anaweza kuifanya mwenyewe; lakini kazi ikiwa nyingi kupita uwezo wake, anaweza kuikabidhi ile ziada anayoshindwa kuifikia. Ni kweli kwamba mkataba huo ni wa watu binafsi na mali zao, na kwamba mjumbe wa bunge hawezi kuondolewa na mpiga kura mmoja asubuhi moja. Muhula wa miaka miwili ndiyo njia ya kati ambayo jimbo hilo limeichagua. Lakini sharti la tatu linagusa kiini cha mpangilio wa baraza lolote, kwa sababu hakuna bunge linalofanya kazi zake zote likiwa limekaa zima, na swali la nani amemkabidhi nani, na kwa kiasi gani, ndilo swali la kamati.

Baraza hujipanga Jumatano ya kwanza ya Desemba baada ya uchaguzi, mjini Concord, ambao ndio makao makuu ya jimbo, katika jengo la mawe lililokamilika mwaka 1819 ambalo mabaraza yote mawili yangali yanakutana katika kumbi zake zilezile za asili. Wajumbe huapishwa, kisha humchagua Spika kutoka miongoni mwao, pamoja na katibu anayetunza kumbukumbu rasmi za kikao na mpambe anayesimamia utulivu wa ukumbi. Spika ndiye anayeteua wajumbe na wenyeviti wa kamati, na kwa mamlaka hayo amebeba sehemu kubwa ya mwelekeo wa baraza. Thomas Hobbes, aliyeandika mwaka 1651 kwamba umati huwa kitu kimoja pale tu unaposimamiwa na mtu mmoja, angeutambua umuhimu wa kiti hicho mara moja. Desemba 2020, wakati wa janga la korona, baraza lilikutana nje, uwanjani katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, likamchagua Dick Hinch kuwa Spika. Alifariki dunia juma moja baadaye kwa ugonjwa huohuo, naye naibu wake, Sherman Packard, akashika nafasi yake hadi alipochaguliwa rasmi Januari. Mtu aliondoka, kiti hakikuondoka.

Kamati za kudumu hugawana mada: elimu, fedha, mahakama, samaki na wanyamapori, na nyinginezo nyingi. Hapa ndipo desturi ya New Hampshire inapojitenga na ile ya Washington, ambako miswada mingi hufia mikononi mwa kamati bila kusikilizwa na yeyote. Katika baraza hili kila muswada, hata uwe umeletwa na mjumbe mmoja asiye na chama kikubwa nyuma yake, hupangiwa siku ya kusikilizwa hadharani, na kila muswada hurudi mbele ya wajumbe wote ili upigiwe kura. Kamati haina uwezo wa kuukalia. Kazi yake ni kutoa pendekezo, ambalo kwa kawaida ni ama kwamba muswada unafaa kupita, au kwamba haifai kulitungia jambo hilo sheria.

Kikao cha kusikiliza maoni kinastahili kutazamwa kwa karibu. Chumba si kikubwa. Wajumbe wa kamati wameketi wakizunguka meza, na mwananchi anayetaka kusema hujaza kadi ya rangi ya waridi, akiandika jina lake, anakotoka, na kama anaunga mkono au anapinga. Mwenyekiti huziita kadi hizo moja baada ya nyingine. Mtaalamu wa idara, mshawishi anayelipwa na kampuni, mkulima, mwalimu mstaafu na mzazi mwenye mtoto mlemavu hukaa kwenye kiti kilekile, husema, huulizwa maswali, kisha humpisha anayefuata. Kadi haimtaki mtu aonyeshe kwamba ni mpiga kura. Concord na Manchester, mji mkubwa kuliko yote jimboni, imepokea kwa miaka mingi familia za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambamo Kiswahili ni lugha ya nyumbani au ya jirani, na mtu wa familia hizo ambaye hajapata uraia, na ambaye kwa hiyo hana sauti siku ya uchaguzi, ana nafasi ya kukaa kwenye kiti kile. Huenda hili ni jambo la heshima zaidi katika mpangilio mzima wa baraza hilo, kwani linakiri kwamba wanaobebwa na sheria ni wengi kuliko wanaomchagua mtunga sheria.

Kwa kipimo cha sharti la tatu la wakala, basi, desturi hii imesimama mahali sahihi. Kusikiliza kila shahidi katika mamia ya miswada ni kazi inayompita mtu mmoja, na hiyo ndiyo ziada inayokabidhiwa kwa wenzake wa kamati. Kuamua ni kazi ambayo kila mjumbe anaiweza, na hiyo hairuhusiwi kuondoka mkononi mwake. Kuna tahadhari moja ya kutaja: miswada isiyo na ubishi huwekwa katika orodha ya pamoja na kupitishwa kwa kura moja, jambo linaloweza kumfanya mjumbe aamue bila kusoma, ingawa muswada wowote unaweza kuombwa utolewe katika orodha hiyo ili ujadiliwe peke yake.

Kifungu cha akidi nacho kina fikra ya ndani. Akidi ni idadi ya chini ya wajumbe wanaopaswa kuwepo ili kikao kiwe halali, na New Hampshire inataka zaidi ya nusu, kama mabunge mengi. Lakini inaongeza kwamba waliohudhuria wakiwa pungufu ya theluthi mbili ya wajumbe wote waliochaguliwa, hakuna tendo litakalokuwa halali mpaka theluthi mbili ya hao waliopo walikubali. Wakiwepo 300, wingi wa kawaida unatosha. Wakiwepo 210, wanahitajika 140. Maana yake ni kwamba kadiri wasiokuwepo wanavyoongezeka, ndivyo waliopo wanavyotakiwa kukubaliana zaidi, kana kwamba viti vitupu vimepewa sehemu ya kura. Kifungu cha namna hii kingestahili kuigwa na mabunge yanayopitisha sheria nzito usiku mbele ya viti vitupu.

Wapo waliouliza kama baraza la chini linahitajika kabisa pembeni ya Seneti. Jimbo la Nebraska, kwa kampeni iliyoongozwa na Seneta George Norris, lilipiga kura mwaka 1934 kuwa na baraza moja tu, lililoanza kazi mwaka 1937, kwa hoja kwamba mabaraza mawili huvutana kisha huficha maafikiano yao ndani ya kamati ndogo za upatanishi zisizoonekana na umma. Hoja hiyo ina nguvu palipo na mabaraza mawili yanayofanana. Haina nguvu sawa pale ambapo baraza moja lina watu 24 na lingine 400, kwa kuwa hapo mabaraza hayo hayarudufiani: la chini ndilo linaloanzisha miswada yote ya fedha, na ndilo linalowashtaki viongozi wakuu wa jimbo, kama lilivyomshtaki Jaji Mkuu David Brock mwaka 2000, huku Seneti ikikaa kama mahakama, nayo ikamwachia huru.

Linabaki swali la nani anaweza kuketi. Hadi mwaka 1877 katiba ilimtaka mjumbe awe Mprotestanti, na kwa hiyo Mkatoliki au Myahudi aliyelipa kodi na kutii sheria za jimbo hakuweza kubeba wengine hata wakimtaka. Wanawake wa kwanza, Jessie Doe na Mary Rolfe Farnum, walichaguliwa mwaka 1920. Mwaka 2018 Concord ilimchagua Safiya Wazir, aliyezaliwa Afghanistan na kuingia Marekani akiwa mkimbizi. Katika eneo la watu elfu chache, kutembea nyumba kwa nyumba kunatosha kumshinda mwenye fedha, na hapa wingi wa viti unathibitisha faida yake.

Lakini mlango uliofunguliwa na wingi wa viti umefungwa nusu na malipo. Kifungu cha 15 cha sehemu ya pili ya katiba kinampa mjumbe dola 200 kwa muhula mzima wa miaka miwili, na Spika dola 250, pamoja na posho ya safari ya kufika kikaoni. Watetezi wanasema kwamba malipo hayo yanawazuia watu wanaotafuta siasa kama ajira, na katika hilo hawakosei. Wasichokiona ni kwamba yanamzuia pia muuguzi wa zamu, dereva wa lori, na mama anayelea watoto peke yake, kwa kuwa vikao hufanyika mchana wa siku za kazi, na mwajiri wake hamsubiri. Wanaobaki ni waliostaafu, wenye mali, na wenye kazi zinazowaachia nafasi. Baraza lililoondolewa sharti la dini mwaka 1877 liliachiwa miaka kumi na miwili baadaye sharti lisiloandikwa la kipato, na sharti hilo halina uadilifu zaidi kuliko lile la kwanza. Kiwango kiliwekwa mwaka 1889 na hakijabadilishwa hadi leo. Kukibadilisha kunahitaji kura za tatu kwa tano ya wajumbe wote wa kila baraza, kisha theluthi mbili ya wananchi watakaopiga kura juu ya suala hilo.